Kwenye Meza Moja na Mama Mkwe

Tangu Jumapili ile, mvua ikianza kupiga mabati, mimi huinua miguu. Hufanya hivyo hata nikiwa maktabani, chuoni Kasapa, ghorofani, mahali ambapo maji yangelazimika kuwa na nia mbaya sana ili kunifikia. Wenzangu wa uzamili wamezoea. Mmoja huniuliza kwa upole kama nimeona panya. Simjibu, kwa sababu jibu la kweli linahitaji utangulizi, na huo utangulizi hauwezi kuanza kabla sijaeleza buko ni kitu gani.

Basi nieleze. Buko, kwetu sisi wenye asili ya kaskazini ya Katanga, ni ukwe, na mkwe mwenyewe huitwa hivyo hivyo, lakini ni ukwe wenye ukuta katikati. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono. Hali naye, haketi naye kiti kimoja, haingii chumbani kwake, wala hamwelekezei neno. Akiwa na la kusema humwambia mtu wa tatu, na mtu wa tatu hulifikisha, hata kama mama mkwe yupo pale pale na masikio yake ni mazima. Wakikutana njiani, mmoja wao sharti apinde. Vijijini walikuwa wakipindia porini. Hapa Lubumbashi watu hupindia duka la dawa.

Familia nyingi zimelegeza. Familia ya mchumba wangu haikulegeza hata uzi mmoja. Mababu zao walishuka kusini kufanya kazi ya reli, wakaacha nyuma karibu kila kitu isipokuwa hili. Mchumba wangu alinifundisha masharti hayo kwa simu, jioni baada ya jioni, nami, kwa kuwa nasomea sheria na siwezi kuona kanuni bila kutafuta mwisho wake, nilimwuliza kuhusu hali za dharura. Je, nyumba ikiwaka moto? Je, mama akizimia?

“Exception haiko,” alinijibu. “Kulikuwa injinia moja, alikuyaka kuniposa mbele ya weye. Akanyoosha mukono, akasema *bonjour maman*. Unamujua?”

“Hapana.”

“Njo vile. Hakuna muntu anamujua tena.”

Jumapili ile nilikuwa naenda kupokea jibu. Nilikwisha kujitambulisha, nilikwisha kuleta watu wangu, na sasa ilibaki ukoo useme ndiyo au hapana. Msemaji wao alikuwa mjomba wake, kaka wa mama, mstaafu wa reli aliyeamini kwamba kijana anayesoma mpaka nywele zianze kumtoka lazima kuna kitu anakikimbia. Kwa hiyo ningetoka pale nikiwa mkwe, au ningemfuata injinia huko alikokwenda.

Nyumba yao iko Kampemba, upande wa chini, ambako barabara inateremka kuelekea kijitoni. Niliketishwa kwenye sofa, mgongo wangu ukielekea mlango wa chumba cha mama. Mlango huo haukuwa na ubao. Ulikuwa na pazia la maua, na nyuma ya pazia ndipo alipokuwa mama mkwe, pamoja na vikapu na magunia ya samaki wakavu aliokuwa akiwaagiza kutoka Pweto na kuwauza sokoni. Harufu yao ndiyo iliyonikaribisha kabla ya mtu yeyote. Mjomba aliketi mbele yangu, kwenye meza kubwa ya mbao nzito. Mchumba wangu alikaa kwenye kigoda kando ya pazia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mpeleka maneno.

“Mama anauliza kama ulikula.”

“Mwambie nilikula, ninashukuru.”

“Anasema alikula, anashukuru.”

“Umuulize alikula nini,” ilisema sauti nyuma ya mgongo wangu, umbali wa kunyoosha mkono.

“Mama anauliza ulikula nini.”

“Wali.”

“Anasema wali.”

Pazia lilitikisika. “Umuulize kama wali inashibishaka muntu.”

Nilikuwa bado natunga jibu ambalo lingetetea wali bila kuutukana ugali, ambao sisi tunauita bukari na ambao kwa watu wa Katanga ni chakula, vingine vyote vikiwa vitafunio, ndipo mvua ilipoanza. Haikuanza kidogo kidogo. Ilidondoka yote kwa pamoja, kana kwamba juu huko kuna mtu aliyepindua pipa kwa hasira. Chini ya mabati hakuna aliyemsikia mwenzake. Mjomba aliendelea kunihoji kwa kupanua kinywa, nami niliendelea kumjibu kwa kuitikia kwa kichwa, na mpaka leo sijui nilikubali mambo gani.

Kisha wanaume wakapita barabarani wakiwa na majembe, wakipiga kelele kwamba mfereji wa juu, pale kwenye pembe ya kanisa, umezibwa na chupa za plastiki na kwamba usipofunguliwa maji yote yatatushukia. Mjomba akakunja suruali. Mchumba wangu akachukua beleshi. Mimi nikasimama nifuatane nao, lakini mjomba akanirudisha kwenye sofa kwa kidole: mgeni hapewi kazi. Wakatoka. Mfereji, kama nilivyoelezwa baadaye, ulifunguka vizuri kabisa, isipokuwa ulifungukia upande wetu. Barabara ikawa mto, nao wawili wakabaki kwenye baraza ya kanisa, ng'ambo ya huo mto, mahali ambapo hatukuweza kuwaona wala kuwasikia.

Maji ya udongo mwekundu, rangi ya tofali lililosagwa, yakaingia chini ya mlango wa mbele kwa adabu, yakazunguka sebuleni kama mteja anayetazama bei, kisha yakaanza kupanda. Nikapandisha miguu kwenye sofa. Nyuma ya pazia nilisikia maji yakicheza, kikapu kikigonga ukuta, na mama mkwe akiguna.

Hapo ndipo nilipotambua ukubwa wa tatizo. Sikuweza kumwuliza kama yu salama, maana hilo lingekuwa neno la moja kwa moja. Naye hakuweza kuniita. Tulikuwa watu wawili wazima, tukizama polepole, na kati yetu hapakuwa na mtu wa tatu.

Akaingia bata.

Alikuwa bata dume, mweupe, mwenye doa jeusi kichwani, na aliingia kwa mlango wa mbele akiogelea kama mwenye nyumba anayerudi kutoka misa. Alipita mbele ya sofa, akapita chini ya pazia, akatoweka chumbani. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, taratibu, yenye heshima zote:

“Bata. Umuambie ule bwana, samaki yangu inaenda kulowana.”

Nilijiuliza kama bata anafaa kuwa mpatanishi kisheria. Je, desturi inataka mtu wa tatu awe na ufahamu? Nikakumbuka kwamba bibi yangu mwenyewe alikuwa akizungumza na wakwe zake kupitia kwa mtoto mchanga ambaye hakuwa na jino hata moja, na hakuna aliyepinga. Ikiwa mtoto asiyeelewa anakubalika, basi kwa kulinganisha, bata naye anakubalika. Labda ana haki zaidi, kwa kuwa yeye angalau anaweza kutembea. Bata akatokea tena upande wangu. Nikakohoa.

“Bata, tafadhali mfahamishe mama kwamba nimesikia, na kwamba niko tayari kutoa msaada kwa namna yoyote itakayoonekana inafaa.”

Bata akanya ndani ya maji.

“Bata, umuambie aseme kwa kifupi. Mayi haingoje muntu.”

Tukaanza kazi. Mama mkwe alisukuma vikapu kupitia chini ya pazia, vikaelea hadi kwangu, nami, nikiwa nimeshuka majini na viatu vyangu vya sherehe, nikavinyanyua na kuvipanga juu ya meza. Kwa muda tulifanya kazi vizuri kuliko kamati yoyote niliyowahi kuketi ndani yake. Lakini gunia la kwanza lilikuwa zito, likakwama mlangoni, na nilipolivuta nikahisi kwamba upande wa pili bado alikuwa amelishika. Nikaliachia kama chuma cha moto. Je, kugusa kitu ambacho mwingine anakigusa ni kumgusa? Na kama ni hivyo, vipi kuhusu maji? Maji yalikuwa yamefika magotini mwangu, na bila shaka yalikuwa magotini mwake pia. Yalitugusa sote wawili, kwa wakati mmoja, bila kukatika. Nilitoa mguu mmoja majini ili nifikiri vizuri zaidi, nikabaki nimesimama kama korongo.

“Bata, huyu muntu iko anafanya nini?”

“Bata, ninatafakari.”

“Umuambie atafakari na mikono.”

Msiba ulitokea pale bata alipochoka nasi akatoka uani. Mama mkwe alikuwa katikati ya sentensi. “Bata, umuambie ile sanduku ya,” alisema, akakoma. Nilisubiri. Nilimsikia akipumua. Sanduku lipi? La nguo? La fedha za vikoba? Palikuwa na sanduku linalozama na hapakuwa na njia halali ya kunitajia ni lipi. Nikakimbilia mlangoni.

“Bata! Bata, rudi!”

“Ni nani anaita bata yangu?” Ng'ambo ya barabara, juu ya ukuta mfupi wa baraza yake, alikuwa amesimama jirani, mama muuza makaa, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na malori. “Eh! Mwizi! Watu wanakufa na mayi, weye unaiba bata!”

“Mama, muache!” mama mkwe alipiga kelele kutoka chumbani. Kwa jirani aliruhusiwa kusema. “Bata yako iko na kazi kwangu!”

“Kazi gani bata inaweza kufanya?”

“Ya buko!”

Kisha kicheko cha jirani kikavuka barabara, nadhani kiliishinda hata mvua. Alipomaliza kujifuta macho alijitolea kuwa mpeleka maneno yeye mwenyewe, nasi, kwa shida tuliyokuwa nayo, tukakubali. Lilikuwa kosa.

“Umuambie anyanyue ile sanduku ya vikombe!” alisema mama mkwe.

“Bwana ya sheria!” jirani akanigeukia. “Mama anasema unyanyue sanduku ya vikombe! Anauliza, na ile mikono yako kama tambi, utaweza?”

“Sikusema vile!”

“Anasema hakusema vile, lakini njo anawaza!”

“Mwambie mama ninaweza,” nilisema.

“Anasema anaweza! Anasema hata weye na sanduku, pamoja, anaweza kubeba!”

Kupitia kinywa cha jirani nilikuwa, katika dakika hiyo, nimejitolea kumbeba mama mkwe wangu mikononi, mbele ya mtaa mzima. Mama mkwe naye aliona hatari hiyo hiyo, kwa sababu nilisikia akirusha kitu majini upande wa dirisha: tonge la bukari la jana, likifuatiwa na lingine. Bata akarudi mbio. Tulimpokea kwa shukrani. Bata hana ufasaha, lakini haongezi lake.

Maji yaliendelea kupanda. Kitanda cha mama mkwe kilikuwa kimeanza kuondoka ukutani. Nilisikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu.

“Bata,” alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. “Umuambie nataka kutoka huku. Afunge macho.”

Nilipanda juu ya mkono wa sofa, nikafumba macho kwa nguvu zangu zote, nikageuza na uso, kwa tahadhari ya ziada. Nilisikia hatua zake majini. Nilisikia pazia likishikwa, bomba la pazia likilia, kisha lote likianguka, maua na bomba na misumari. Na kwa sababu mtu aliyefumba macho hana habari na mizani, na sofa lenyewe lilikuwa limeanza kuelea, nililala chali majini mzima mzima, nikameza sehemu ya barabara ya Kampemba.

Nilipoibuka macho yalikuwa wazi. Sikuyafungua mimi, yalijifungua. Mbele yangu alisimama mwanamke mfupi aliyejifunga kitenge hadi kifuani, kikapu cha samaki kichwani, kiganja mdomoni, mabega yakimtetemeka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mama mkwe wangu anacheka. Alinigeuzia mgongo haraka, nami nikamgeuzia wangu.

“Bata, umuambie apande ku meza. Akikufa hapa, kilio itakuwa kwangu, na samaki ya kulisha bantu njo hii tu.”

Ndivyo tulivyojikuta juu ya meza moja, yeye akitazama chumbani, mimi nikitazama barabarani, gunia la samaki limesimama katikati yetu kama mpaka wa nchi. Nilijikaza kuisoma kanuni upya. Kanuni inasema wasiketi kiti kimoja. Meza si kiti. Ukitafsiri maneno kama yalivyo, tulikuwa salama. Ukitafsiri nia ya waliotunga, tulikuwa tumekwisha.

Meza ililia. Bata alitia nanga kwenye kikapu kilichoelea, akatutazama kwa jicho moja.

“Bata, umuulize kama anajua kuogelea.”

“Bata, hapana.”

“Umuambie hata miye.”

Mvua ilipiga, maji yalipita chini yetu yakiwa yamebeba ndala, sufuria, kiti cha plastiki cha mtu. Niliogopa, na sitalipamba hilo. Nilihisi gunia likitetemeka nikajua si mimi peke yangu.

“Bata,” alisema mwishowe. “Umuulize kama anapenda mutoto yangu kwelikweli, ao anatafuta tu muntu wa kumupikia wali.”

Nilikuwa nimeliandaa jibu la swali hilo kwa wiki nyingi. Lilikuwa na sehemu kadhaa na hitimisho. Nililitafuta kichwani nikakuta limelowa lote.

“Bata,” nilisema, “ninampenda sana.”

Bata alichomeka kichwa chini ya bawa, akalala.

Tulichosahau ni kwamba mlango wa mbele ulikuwa wazi. Jirani alikuwa ametuona. Habari ilipanda barabara kutoka baraza hadi baraza, na kila baraza iliitia chumvi kidogo. Ilipoondoka kwa jirani ilisema kwamba mkwe na mama mkwe wamepanda meza moja. Ilipofika kanisani ilisema kwamba tumeketi mezani tunakula samaki.

Mjomba aliivuka barabara maji yalipoanza tu kupungua, kwa kushikilia mpini wa jembe, suruali imekunjwa hadi mapajani, akiwa na hasira ya mtu ambaye amepata mafua kwa ajili ya kuwasaidia wengine. Mchumba wangu alimfuata, matope hadi kiunoni. Mjomba akasimama mlangoni. Akatuona. Akaona pazia lililoanguka.

“Samaki!” alisema. “Unakula samaki na buko yako, meza moja!”

“Mjomba, sikula, nilikuwa nina—”

“Kimya! Wazee wetu banatembea kutoka kule mbali na hii heshima, mvua haiharibu, treni haiharibu, unakuya weye na sheria yako! Umevunja buko! Munaona bantu? Amevunja buko!”

Nilimwona injinia akinisogezea kiti. Nilijua pia kwamba kulikuwa na hoja mahali fulani, nilikuwa naihisi kama unavyohisi mfupa wa samaki kooni, lakini kinywa changu kilikuwa kimejaa udongo na hofu. Mchumba wangu ndiye aliyeitema.

“Tonton,” alimwambia mjomba, akikamua sketi yake bila haraka. “Kama alivunja buko, basi buko iko.”

“Nini?”

“Muntu anavunjaka kintu yenye haiko? Kama haiko mukwe wetu, alivunja nini? Alikaa tu ku meza na mama moja ya Kampemba, wakati ya mvua. Lakini weye unasema alivunja buko. Umesema mbele ya bantu. Basi iko mukwe.”

“Eeeh!” jirani alipiga kelele kutoka ng'ambo. “Bwana anasoma, bibi anashinda!”

Mjomba alitazama mpini wa jembe kana kwamba umemwangusha. Akanitazama mimi, ambaye nilikuwa nimeinamisha uso nikihesabu magamba ya samaki kwenye viatu vyangu. Kisha akamgeukia dada yake, ambaye alikuwa bado juu ya meza, mgongo wake umetuelekea sisi sote.

“Dada, weye unasema nini?”

“Unaniuliza nini?” alisema mama mkwe. “Muntu akivunja buko, banamupiga faini. Umupige faini, tushuke. Migulu yangu inakauka na matope.”

Faini hapigwi mtu wa nje. Kila mtu sebuleni alilijua hilo, na mjomba kuliko wote. Alisimama katika maji yaliyobaki akilitafuna jambo hilo kwa muda mrefu, akitafuta mlango wa kutokea ambao haungemfanya aonekane ameshindwa na msichana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuhesabu mabehewa. Nilimwona akitazama sofa lililopinduka, vikapu vilivyonusurika, kijana aliyelowa hadi kwenye mawazo. Akapangusa pua yake.

“Mbuzi moja,” alisema. “Muzima.”

“Ndiyo, mjomba.”

Akatazama barabara, ambayo bado ilikuwa inapita na ndala za watu.

“Na ikuwe yenye kujua kuogelea.”

Tangu nianze kusoma sheria, ndiyo hukumu pekee ambayo sikuuliza kama ina rufaa.